Nilianguka saiti na kontrakta anasema hanijui: je, nina haki ya kudai fidia?

SWALI: Habari wakili. Mimi ni mkono, yaani kibarua, kwenye mjengo wa fleti huku Ruaka. Miezi minane iliyopita nilikuwa nimebeba karai la zege, ubao wa jukwaa ukavunjika, nikaanguka kutoka ghorofa ya pili. Paja la kushoto lilivunjika, nikawekewa chuma, na kifundo cha mkono hakijakaa sawa hadi leo. Foremani alilipa depositi ya hospitali, kisha akaniletea elfu thelathini pamoja na karatasi, nikaweka sahihi kwamba sitadai tena. Kontrakta anasema hanijui, mimi ni mtu wa foremani na sina mkataba. Nilikuwa nalipwa 800 kwa siku, kwa M-Pesa kila Jumamosi kutoka simu ya foremani. Sasa kuna jamaa tulikutana kliniki ya mifupa, anasema ana wakili atakayenipeleka kortini nipate milioni mbili, wao wachukue asilimia 40. Anataka karatasi zangu zote za hospitali, zile orijino. Nimechelewa? Nimpe?

JIBU: Pole sana, ndugu. Karatasi usimpe. Piga kopi, orijino zikae kwako nyumbani, na hata ofisi ya serikali ikizitaka, waonyeshe kisha urudi nazo.

Hujachelewa, ila muda unayoyoma. Sheria inayokuhusu ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo watu wengi wanaiita WIBA. Inampa mfanyakazi miezi 12 tangu siku ya ajali kupeleka dai lake kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, yaani ofisi ya DOSH iliyo chini ya Wizara ya Leba. Umetumia minane. Sheria inaweza kumvumilia aliyepitisha mwaka ikiwa ajali yake iliripotiwa kwa wakati, lakini foremani aliyekuletea karatasi ya kutodai sidhani kama alikimbia kuripoti popote. Hesabu kwamba una miezi minne, na usiitumie yote.

Sasa hilo la kortini na milioni mbili. Zamani ndivyo ilivyokuwa: mfanyakazi akiumia anamshtaki mwajiri kwa uzembe, hakimu anapima maumivu na hasara, anatoa hukumu. Kifungu cha 16 cha WIBA kilifunga mlango huo. Kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai fidia ya ajali ya kazini nje ya utaratibu wa sheria hiyo. Chama cha Mawakili kilipinga, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikakubaliana nacho kwamba baadhi ya vifungu vinakiuka Katiba. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikaugeuza uamuzi huo karibu wote, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikamaliza ubishi: kifungu cha 16 ni halali, na mlango wa kwanza wa dai la mfanyakazi ni Mkurugenzi, si hakimu. Katika miaka hiyo ya mvutano kesi nyingi ziliendelea kufunguliwa kortini, na baada ya uamuzi huo kuna wafanyakazi waliojikuta na faili nene na mahakama isiyo na mamlaka ya kuwasikiliza. Wewe uliumia miezi minane tu iliyopita. Ukipelekwa mahakama ya hakimu kumshtaki kontrakta kwa uzembe, wakili wake atataja kifungu cha 16 na kesi itatupwa, na kufikia hapo miezi yako 12 itakuwa imeisha. Muulize huyo jamaa kuhusu kifungu cha 16 uone atajibu nini.

Tena hiyo asilimia 40. Sheria ya Mawakili ya Kenya haiupi nguvu mkataba ambao wakili analipwa tu akishinda kesi. Wakili anayefuata maadili hatumi watu kukaa kliniki ya mifupa kutafuta wateja pia. Hilo ni kosa. Kama kweli kuna wakili nyuma yake, omba jina kamili na ulitafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili mtandaoni uone kama ana cheti cha mwaka huu. Mara nyingi utakuta mawili: jina halipo, au lipo na mwenyewe hamjui huyo broka.

Tuje kwenye kauli ya kontrakta kwamba hakujui. Hii ndiyo silaha kubwa ya mjengo na inatisha watu bure. WIBA inamlinda aliyeajiriwa kwa ujira chini ya mkataba wa kazi, na mkataba wa kazi si lazima uwe karatasi. Unaweza kuwa wa mdomo. Sheria ya Ajira inamtaka mwajiri ndiye aandike mkataba pale kazi inapofika miezi mitatu, na akishindwa kuutoa kwenye kesi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi unamwangukia yeye. Aidha, kifungu cha 37 cha sheria hiyo kinasema kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo ambazo kwa jumla hazipungui mwezi mmoja, au aliyepewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, anahesabiwa kama mfanyakazi wa kulipwa kwa mwezi. Fleti za ghorofa haziishi kwa miezi mitatu.

Kwa hiyo swali si kama una mkataba, ni kama unaweza kuonyesha ulikuwa pale, ukifanya kazi yao, ukilipwa. Hapo simu yako ni shahidi mzuri kuliko watu wengi. Piga *334# au nenda duka la Safaricom uombe taarifa kamili ya M-Pesa ya mwaka mzima. Itaonyesha kila Jumamosi, namba ile ile, jina lile lile: 4,800, 4,000, 4,800. Mwajiri akisema hizo ni pesa za urafiki, aeleze urafiki gani unaolipa kwa mafungu ya mia nane. Tafuta pia wenzako wawili waliokuwepo siku hiyo, waandike walichoona na waweke sahihi na namba ya kitambulisho, mapema, kabla saiti haijaisha wakatawanyika Kitengela na Juja. Picha mlizopiga mkiwa kazini, ujumbe wa WhatsApp wa foremani kuwaita kazi ya kesho, daftari la mahudhurio kama kuna aliyelipiga picha, vyote vikusanye.

Halafu nenda kwenye geti la saiti, au mtume mtu, apige picha ya bango. Bango la mradi huandikwa jina la mwenye mjengo, kontrakta na namba yake ya usajili wa NCA, Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Wengi wanaumia saiti wasijue hata kampuni iliyokuwa ikijenga inaitwaje. Wanajua tu "Karanja foremani". Dai lisilo na jina la mwajiri halina pa kwenda. Kwenye dai lako andika kampuni kama mwajiri, na ueleze kwamba foremani ndiye aliyekupokea, kukuelekeza na kukulipa kwa niaba yake. Kama watabishana wao kwa wao nani ni bosi wako, wabishane mbele ya Mkurugenzi, lakini majina yote mawili yawe pale.

Hiyo karatasi uliyoweka sahihi nayo isikunyime usingizi. WIBA inasema wazi kwamba makubaliano yoyote ambayo mfanyakazi anaacha haki zake za fidia chini ya sheria hiyo ni batili, hata ukiwa ulisaini mbele ya mzee wa mtaa. Mtu anayemtisha au kumshinikiza mfanyakazi hadi apoteze haki hizo anafanya kosa. Ila usiifiche. Ukiulizwa, sema ulisaini, sema ulipewa elfu thelathini, sema ulikuwa kitandani. Pesa uliyokwisha kupokea itakumbukwa kwenye hesabu. Ukiificha kisha upande wa pili uitoe mfukoni, itaonekana wewe ndiye mwongo hapo.

Wanaweza pia kusema hukuvaa helmeti, au ulipita jukwaa uliloambiwa usipite. Mfumo huu hauulizi nani mzembe. Ajali ikitokea ukifanya kazi ya mwajiri, kwa faida ya shughuli zake, kuvunja agizo hakukutoi nje ya sheria. Ubaya wa makusudi ni jambo jingine, na kubeba zege juu ya ubao uliooza si ubaya wa makusudi wa aliyebeba. Huu ndio uzuri wa WIBA ambao watu hawauoni wakiwa wamekasirikia kiwango cha pesa.

Na karatasi za hospitali, kabla ya kitu kingine chochote, soma ule mstari wa mwanzo kabisa, wa jinsi ulivyoumia. Nimeona fomu za kutosha zilizoandikwa "ameanguka nyumbani" au "ameanguka kwenye ngazi", kwa sababu foremani ndiye aliyempeleka majeruhi na yeye ndiye aliyejibu maswali ya nesi wakati mgonjwa anaugulia. Ukikuta hivyo, rudi hospitali hiyo, eleza, omba daktari aandike marekebisho kwenye faili na akupe barua. Usijaribu kufuta wala kuandika juu mwenyewe. Kampuni ya bima ya mwajiri ikiona mstari huo haitatafuta sababu nyingine ya kukataa.

Utaratibu wa DOSH wenyewe si mgumu, ni wa polepole. Kisheria ni mwajiri anayepaswa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi ndani ya siku 7 tangu apate habari, na kama mtu amekufa, taarifa ifike ndani ya saa 24. Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1. Ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Mwajiri wako hatajaza kwa hiari, hilo tujue tangu sasa. Kwa hiyo andika barua fupi kwa kampuni: jina lako, namba ya kitambulisho, tarehe na saa ya ajali, mahali, ulivyoumia, ulivyokuwa ukilipwa, na kwamba unataka wajaze fomu ya WIBA. Itume kwa njia inayoacha alama, barua pepe au mkononi na kopi ipigwe muhuri. Wakikataa kupokea, andika kwenye kopi yako nani alikataa na lini. Kisha peleka kopi hiyo na ushahidi wako kwenye ofisi ya DOSH ya kaunti yako, Kiambu, au makao makuu Nairobi, umwambie ofisa kwamba mwajiri hataki kuripoti. Ofisa ana uwezo wa kumwita. Kwa kazi yote hii huhitaji wakili, wala ofisi haikutozi ada ya kufungua dai. Akitokea mtu kwenye korido akakuambia kuna "ya faili", mwombe risiti ya serikali.

Daktari atapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Usiharakishe hatua hii kama mfupa bado haujashika, maana asilimia inayotolewa mapema inaweza kuwa ya kubahatisha, na ikishaingia kwenye hesabu kuitoa ni kazi. Mwajiri au bima yake wakitaka upimwe na daktari wao, nenda. Kukataa kunakuharibia wewe. Lakini nenda ukiwa tayari na ripoti ya daktari aliyekupasua.

Pesa inahesabiwa hivi. Kwa muda uliokuwa huwezi kabisa kufanya kazi, unastahili malipo sawa na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12. Juu ya hapo, ulemavu wa kudumu unapigwa kwa mapato ya miezi 96 mara asilimia ya daktari. Chukua mfano kwamba ulifanya kazi siku 26 kwa mwezi kwa 800: mapato ni 20,800. Mara 96 ni 1,996,800. Daktari akisema asilimia 20, hiyo ni 399,360, mbali na zile 20,800 za kila mwezi uliolala nyumbani. Lakini kontrakta akifanikiwa kusema ulikuja siku 22 tu kwa mwezi, mapato yanashuka hadi 17,600, na ile 399,360 inakuwa 337,920. Siku nne kwa mwezi zimekula zaidi ya elfu sitini. Ndiyo maana nimekusumbua na taarifa ya M-Pesa. Waziri ana mamlaka ya kuweka viwango vya chini na vya juu, kwa hiyo chukua tarakimu zangu kama njia ya kuhesabu. Gharama za matibabu zinazofaa, pamoja na nauli ya kukufikisha hospitali siku ile, ni za mwajiri na ziko nje ya hesabu hii.

Utaona hapo kwamba hakuna fungu la maumivu, wala la mtoto aliyeacha shule kwa sababu baba hakufanya kazi. Na mhandisi aliyevunjika paja lile lile kwenye saiti ile ile atalipwa mara nyingi zaidi yako, kwa kuwa mshahara ndio kipimo. Mimi naona hapo sheria imemwonea mtu wa mjengo, na nasema hivyo kila ninapopata nafasi. Ila ndiyo sheria iliyopo, na hiyo laki nne kasoro ni yako.

Mkurugenzi akishakadiria, dai linapelekwa kwa mwajiri au kwa bima yake, na sheria inampa siku 90 alipe. Pesa zikifika kwa Mkurugenzi, anapaswa kukupa ndani ya siku 30. Kila mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya wafanyakazi. Asiye nayo anavunja sheria, lakini deni linabaki kuwa lake. Usikubali kuambiwa "hatuna bima, hakuna pesa". Kama hukuridhika na makadirio, una siku 60 kupinga kwa maandishi kwa Mkurugenzi mwenyewe, naye ajibu ndani ya siku 14, kisha una siku 30 kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Hapa sasa ndipo wakili anapoanza kuwa na maana. Udhaifu mkubwa wa WIBA ni kwamba Mkurugenzi anaweza kukadiria, lakini mwajiri mkaidi akikalia barua ile, DOSH haina dalali wa kwenda kuchukua mashine yake ya kuchanganya zege. Inabidi uende kwa majaji wa Mahakama ya Ajira uombe makadirio yatekelezwe kama hukumu, na majaji wenyewe hawajawa na sauti moja kuhusu njia sahihi ya kuleta ombi hilo. Hiyo si kazi ya kujifanyia, wala si ya wakili wa mashamba. Tafuta anayefanya kesi za ajira. Huna uwezo wa kumlipa? Jaribu Kituo cha Sheria, shirika linalosaidia wasio na uwezo tangu 1973, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoanzishwa chini ya sheria ya 2016. Chama cha wafanyakazi wa ujenzi nacho kinaweza kukusindikiza DOSH, hasa kama kuna wanachama kwenye saiti hiyo. Ofisa hufungua faili kwa haraka ya ajabu akimwona mtu wa chama mlangoni.

Kuna jambo moja linalosahaulika. Kifungu cha 16 kinamkinga mwajiri wako peke yake. Kama jukwaa lilifungwa na kampuni nyingine iliyokodishwa, au ubao uliangushwa na kreni ya watu wengine, hao si mwajiri wako na unaweza kuwashtaki kwa uzembe katika mahakama ya kawaida ndani ya miaka mitatu. Uliza wenzako nani alileta na kufunga jukwaa lile. Vivyo hivyo, kama kontrakta alikufukuza kwa kuwa umeumia, hilo ni dai la ajira lenye muda wake wa miaka mitatu, na halichanganywi na la WIBA.

Mwisho, kuhusu chuma kilicho kwenye paja. Muulize daktari aliyekipachika kama kitatolewa, lini, na kwa gharama gani, naye aliandike hilo kwenye ripoti yake. Kama kinatolewa baada ya mwaka na nusu na wewe umeshafunga dai lako bila kulitaja, bili ya chumba cha upasuaji itakuja kwa jina lako.